Wasomaji Wanauliza: Kizulu chuoni, matamshi, sarufi na adabu

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu wa Kiswahili waliojikuta katika darasa la Kizulu, wengine wakiwa wanafunzi na wengine wakiwa wameshika chaki. Maswali yamefupishwa. Majibu marefu tumeyaacha marefu, kwa sababu mambo ya ulimi na masikio hayaelezeki kwa mstari mmoja.

Nimetoka Bukavu, niko mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Nimeambiwa sitahitimu bila somo la Kizulu. Wenzangu hapa Durban wanasema mtu wa Kiswahili analipita akiwa usingizini. Ni kweli? (Mwanafunzi, Durban)

Sharti lipo. Tangu 2014, wanaoanza shahada ya kwanza katika chuo hicho hutakiwa kufaulu somo la Kizulu, au kuonyesha kwamba tayari wanakijua, kabla ya kuhitimu.

Habari ya usingizini ina ukweli kidogo, na ukweli huo ndio unaowaponza watu. Umuntu na abantu, isihlalo na izihlalo (kiti na viti), imvula, inyama, inkuku: unaingia darasani na nusu ya kazi imeshafanyika. Mwenzako aliyekulia na Kiingereza peke yake anahitaji muhula mzima kukubali kwamba nomino ndiyo inayoamrisha sentensi nzima. Wewe ulilijua hilo ukiwa mtoto. Basi usipoteze wiki za mwanzo ukikariri jedwali la ngeli. Peleka nguvu pale Kiswahili kitakapokudanganya. Sehemu hizo si nyingi, na ni zilezile kila mwaka.

Anza na viumbe hai. Kiswahili sanifu huvuta kila chenye uhai kwenye a- na wa-: mbwa anakula, kiongozi amefika. Kizulu hakifanyi hivyo. Mbwa ni "inja", na upatanisho wake unabaki wa ngeli yake: "inja yami iyadla", wakiwa wengi "izinja zami ziyadla". Mgeni ni "isivakashi", kwa hiyo mgeni wangu amefika ni "isivakashi sami sifikile". Waliobobea katika Kiswahili cha shule huandika "inja uyadla" mpaka mtihani wa mwisho. Wewe wa Bukavu una nafuu: ile "mbwa yangu inakula" uliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu inafuata njia ileile ya Kizulu.

Pili, -ya-. Wengi huichukua kama -na- yetu. "Ngiyafunda", ninasoma, sawa. Lakini -ya- hukaa pale kitenzi kinapofunga kauli. Kikifuatwa na kitu kinachokamilisha habari, inaondoka: "Ngifunda isiZulu", "Ngihlala eThekwini" (naishi Durban). Ukisema "Ngiyahlala eThekwini" utaeleweka, ila utasikika kama mtu aliyemaliza kusema kisha akakumbuka kutaja mahali. Wakati uliopita una mchezo huohuo: "Ngifundile" ukiishia hapo, "Ngifunde isiZulu izolo" ukiendelea.

Hilo linaleta kosa la tatu, ambalo ni la Waswahili hasa. Sisi hatuwezi kusema "nimeona mama" masikio yakatulia. Lazima "nimemwona mama". Kizulu cha kawaida ni "Ngibone umama", bila kiambishi cha mtendwa. Ukikiweka, kitenzi kinarudi kwenye umbo refu, "Ngimbonile umama", na maana inasogea: mama huyo tulikwisha kumzungumzia, na habari mpya ni kwamba nimemwona. Anayetia -m- kila mahali haharibu kila sentensi, ila anamfanya kila mtu awe mtu aliyekwisha kutajwa.

La nne halionekani kwenye karatasi. "Uyahamba" ni wewe unakwenda, na "uyahamba" ni yeye anakwenda. Maandishi ni yaleyale. Kinachotofautisha ni toni: ya wewe huanza chini, ya yeye hupanda mwanzoni. Kiswahili hakina toni, na u- na a- zetu hazikutufundisha kusikiliza kimo cha sauti. Tafuta mtu akurekodie jozi 20 za aina hiyo kwenye simu, usikilize kila siku kwa dakika tano, uandike W au Y kabla ya kutazama jibu. Ukipata 18 kati ya 20 siku tatu mfululizo, anza kuzitamka. Ukianza kutamka kabla ya sikio kukaa sawa utajifundisha kosa, nalo litakuwa gumu kung'oa.

Maneno yanayofanana nayo yana mitego. "Funda" kwetu ni kumfundisha mtu, kama mwali anavyofundwa. Kwao ni kujifunza au kusoma, na kufundisha ni "fundisa". "Penda" ni kupaka rangi, na kupenda ni "thanda". "Idada" ni bata, kwa hiyo dada wa watu mwite "sisi". Na sisi wenyewe ni "thina".

Nafundisha wanaoanza. Wiki ya sita inafika na bado kuna wanafunzi wanaosema "ksela" badala ya "cela". Nianze na kidoko kipi, na nikipe muda gani? (Mhadhiri msaidizi, Pietermaritzburg)

Muda mfupi kila siku. Dakika kumi mwanzoni mwa kila kipindi kwa wiki nne zinatosha, na saa nzima kwa mkupuo mmoja ni hasara. Ulimi huchoka, sauti hulegea, na mwanafunzi huondoka akidhani hana kipaji.

Kwanza mwanafunzi aelewe kinachotendeka mdomoni. Katika kidoko chochote ulimi huziba mahali pawili kwa wakati mmoja, mbele na nyuma. Hewa iliyonaswa katikati hupanuliwa ulimi unaposhuka, na sehemu ya mbele ikiachia ndipo mlio husikika. Pumzi ya mapafu haihusiki. Ile k inayojiingiza ni ulimi wa nyuma kuachia kwa kuchelewa, peke yake. Ukimwambia mwanafunzi "usitie k" hatajua afanye nini, maana hajui ameitoa wapi.

Dawa ni ng' ya ng'ombe. Mwambie aishike ng' mfululizo, sauti ikitoka puani, na huku apige c juu yake bila kukata mvumo. C ni ile sauti tunayotoa tukisikitika, ncha ya ulimi ikiwa nyuma ya meno ya juu. Akiweza, tayari ana nc, na kiko ndani ya neno: "incwadi", kitabu. Afanye vivyo hivyo na q, ulimi ukiwa umerudi juu kwenye ufizi na mlio ukiwa mzito wenye mwangwi: "inqola", mkokoteni. Kisha x, inayoachiwa ubavuni kwenye magego, kama wenye punda wanavyomhimiza mnyama: "inxeba", jeraha. Kwa wanafunzi wa Kiswahili njia hii ni ya haraka kuliko kuanza na c tupu, kwa kuwa ng' wanayo tangu kunyonya.

Kutoka hapo ondoa mvumo wa pua: cela (omba), qala (anza), xoxa (zungumza). Irabu ifuate palepale. Hatua ya tatu ni zenye mpumuo: ichibi (ziwa), iqhude (jogoo), xhuma (unganisha). Za mwisho ni gc, gq, gx na ngc: gcina (tunza), gqoka (vaa), isigxobo (nguzo), ngcono (afadhali). Hizi za g huvuta toni chini, na ndiyo sababu zinawekwa mwisho. Anayezitamka kwa sauti ya juu husikika kama anaimba wimbo usio wake.

Baada ya kusema hayo, tunadhani vidoko vinapewa heshima kuliko vinavyostahili. Mwanafunzi akikosea q huchekwa kidogo na mazungumzo yanaendelea. Mahali ambapo maana hupotea kweli ni hapa:

lala (lala), hlala (kaa, ishi), dlala (cheza);
beka (weka), bheka (tazama);
bala (hesabu), bhala (andika).

Hl haipo Kiswahili, na wanafunzi huigeuza kuwa sh au "thl". Njia ya kuipata: atamke l na kuishikilia, kisha azime sauti ya koo bila kuusogeza ulimi, aendelee kusukuma pumzi. Aweke vidole mashavuni. Pumzi ikipita pembeni, ipo. Akirudisha sauti ya koo katika mkao uleule anapata dl.

Kwa b na bh, Waswahili na Waingereza wanakosea kinyume. B ya Kizulu huvuta hewa ndani kidogo, kama b ya Kiswahili cha pwani, kwa hiyo "beka" mtaipata bure. Inayowashinda Waswahili ni bh, ambayo ni nzito, ya chini, na haivuti hewa ndani. Ukiwa na darasa la mchanganyiko, usiwape wote zoezi moja. Na walio na sikio la Mombasa, Lamu au Unguja, wanaosikia tofauti ya paa la nyumba na paa wa mwituni, waambie kwamba ph, th na kh ni mpumuo uleule wa paa mnyama. Hilo hukaa kwa siku moja.

Nafundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha Marekani na idara imeniomba niratibu pia darasa la Kizulu: wanafunzi sita, saa tano kwa wiki, wiki 13. Mtaani hakuna Mzulu hata mmoja. Nipange vipi? (Mwalimu, Marekani)

Kwanza usifundishe wewe kama hukijui vizuri. Tunalisema kwa sababu lipo: idara hudhani mwalimu wa Kiswahili anaweza kubeba lugha yoyote ya Kibantu. Kazi yako iwe ratiba, vifaa na tathmini. Mzungumzaji mzawa awepo walau saa tatu kati ya hizo tano, hata kwa video.

Mgawanyo wa saa uwe hivi, kwa takriban. Saa mbili za mazungumzo, saa moja ya kusikiliza, saa moja ya kusoma na kuandika, na saa moja ya sarufi itakayotokana na makosa ya wiki hiyo. Sarufi isitangulie. Maneno mapya kumi hadi kumi na mawili kwa kipindi ni kiwango ambacho sita wote wanaweza kukibeba, mradi kila neno lirudi mara tatu kabla ya wiki mbili kupita. Maneno 30 kwa siku huonekana vizuri kwenye mtaala tu.

Kwa kusikiliza una hazina: Ukhozi FM, redio ya shirika la utangazaji la SABC yenye wasikilizaji wengi kuliko zote Afrika Kusini, inapatikana kwa intaneti. Usiwape taarifa nzima ya habari. Kata sekunde 40. Mara ya kwanza wasikilize bila kuandika na waseme habari ni ya nini. Mara ya pili wanase majina ya watu na mahali; ya mahali ni rahisi kwa kuwa yana e- au o- mwanzoni: eThekwini, eGoli, oLundi. Mara ya tatu waandike vitenzi vyote walivyovisikia. Ndipo uwape maandishi. Ukitoa maandishi kwanza wanasoma, hawasikilizi. Kuanzia wiki ya nane waongezee gazeti la Isolezwe, vichwa vya habari na aya ya kwanza tu.

Halafu kuna swali la Kizulu kipi. Kizulu cha vitabu na cha mjini vimeachana, na mwanafunzi aliyefundishwa cha vitabu pekee akifika Umlazi au Soweto anahisi kaibiwa. Bei, saa na nambari za simu watu wengi huzitaja kwa Kiingereza, kitenzi cha Kiingereza huvishwa viambishi vya Kizulu, na hakuna anayeona ajabu. Maoni yetu ni kwamba kinachofundishwa kuzungumzwa kiwe cha kawaida, safi lakini si cha kizee, na kilichochanganywa kifundishwe kusikilizwa tu. Mgeni anayejitia uhuni wa lugha kabla ya kujua kuamkia hapokelewi vizuri. Hesabu fundisha moja hadi kumi na upatanisho wake vizuri kabisa: "abantu abathathu", "izinja ezimbili", na kuanzia sita muundo unabadilika, "abantu abayisithupha". Mamia na maelfu waonyeshwe mara moja, kisha mwendelee na mengine.

Kazi ya nyumbani inayolipa kuliko zote ni ujumbe wa sauti wa sekunde 60 kila Ijumaa kwenye WhatsApp, bila kusoma popote. Utajua anasoma kwa jinsi toni inavyokuwa bapa.

Mtaala unasema "lugha na utamaduni", lakini utamaduni wetu chuoni umekuwa ngoma na ngozi siku ya mwisho wa muhula. Unafundishwaje kwa maana? (Mkufunzi, Johannesburg)

Hiyo siku ya ngozi ifuteni, au iwe sherehe tu isiyohesabiwa kama somo. Utamaduni unaopimika uko katika namna mtu anavyoingia, anavyoita na anavyopokea, na vyote hivyo vina maneno yake, kwa hiyo vinaingia katika kipindi cha lugha tangu siku ya kwanza.

Chukua maamkizi. "Sawubona" ni kwa mmoja. "Sanibonani" ni kwa wengi, na pia kwa mzee mmoja unapotaka kumpa heshima yake pamoja na wa kwake. Jibu ni "Yebo", kisha "Unjani?" au "Ninjani?", na "Ngiyaphila" au "Siyaphila". Wakati wa kuagana anayebaki humwambia anayeondoka "Hamba kahle", na anayeondoka humwambia anayebaki "Sala kahle". Wanafunzi huzibadilisha hizi mbili daima. Waigize mlangoni, mmoja ndani na mmoja nje, mpaka mwili ushike upande wake.

Mikono: kitu hupokewa kwa mikono miwili, au kwa wa kulia na wa kushoto ukigusa kigasha. Kaeni na jambo hili: rudisha madaftari yaliyosahihishwa mmoja mmoja, na anayepokea kwa mkono wa kushoto akiwa amesimama nusu, arudie. Macho na kiti: kijana aliyelelewa kwa adabu za Kizulu akiingia ofisini mwa mkubwa anaweza kuketi bila kuambiwa na kuinamisha macho. Anakwepa kusimama juu ya mkubwa wake. Mhadhiri wa malezi mengine huona mtu asiye na adabu na anayeficha jambo. Somo hili linawafaa wahadhiri wenu pia, si wanafunzi tu.

Kisha izithakazelo, majina ya sifa ya ukoo. Hakuna kinachofungua uso wa mtu kama kuitwa kwa isithakazelo chake. Khumalo ni Mntungwa, Buthelezi ni Shenge, Mkhize ni Khabazela, Ndlovu ni Gatsheni, Mthembu ni Mvelase. Kila mwanafunzi ashike matano na ayatumie katika maamkizi, katika shukrani, na katika kumbembeleza mtu. Makosa mawili ya kuepuka: kubuni isithakazelo cha mwanafunzi asiye wa ukoo huo, na kutumia "Ndabezitha" ovyo kwa kuwa imesikika vizuri. Hiyo ni ya ukoo wa Zulu na ya kuwaheshimu wafalme na machifu. Mke wa mtu huitwa kwa ukoo alikozaliwa, kwa Ma-: MaKhumalo, MaMkhize.

Posa ni kipindi kizuri sana, kama kitaandaliwa. Wajumbe, abakhongi, hufika langoni na hawaingii. Husimama nje wakabisha kwa kuita sifa za ukoo wa wenye nyumba, na neno lenyewe ni "Siyakhuleka ekhaya", hodi yetu kwa wengi. Wapangeni wanne langoni na wanne ndani. Sheria: wajumbe wakikosea sifa za ukoo, hawafunguliwi. Mazungumzo ya ng'ombe yanafuata. Ile hesabu ya ng'ombe kumi, na mmoja wa mama wa binti, iliwekwa na serikali ya kikoloni ya Natal mwaka 1869. Kabla ya hapo haikuwa nambari moja kwa wote. Wanafunzi wajue hilo, kwa sababu wengi hudhani kumi na mmoja imetoka kwa mababu moja kwa moja. Siku hizi ng'ombe huhesabiwa kwa pesa, ila mdomoni wanabaki ng'ombe.

Ukuhlonipha, mke kuepuka jina la baba mkwe na hata sauti zilizomo, ipe kipindi kimoja na uwe mwangalifu. Kama msaidizi wako ni mama aliyeolewa na anaishika desturi hiyo, mwulize mapema kama kuna majina katika orodha ya kusoma asiyoyatamka. Kumlazimisha ayatamke mbele ya darasa ili wanafunzi "waone" ni utovu wa adabu, hata kama nia ni ya kitaaluma.

Na uMkhosi woMhlanga, ngoma ya matete inayofanyika Septemba katika kasri la Enyokeni, Nongoma. Mfalme Goodwill Zwelithini, aliyefariki Machi 2021, ndiye aliyeifufua, na leo iko chini ya Mfalme Misuzulu. Mjadala wa kukagua ubikira utazuka, mtake msitake. Leteni Sheria ya Watoto ya 2005, inayokataza ukaguzi huo kwa walio chini ya miaka 16 na kuuruhusu kwa waliozidi kwa ridhaa yao tu, na wasikilizeni wanawake wa Kizulu wa pande zote mbili kabla ya mgeni yeyote kutoa hukumu. Mkienda kutazama, ulizeni kuhusu picha kabla hamjatoa simu.

Mimi ni Mngoni wa Songea. Babu alitwambia asili yetu ni kusini kwa Wazulu. Nitajifunza Kizulu haraka kuliko wengine? (Msomaji, Songea)

Asili ya kusini ni kweli. Zwangendaba alikuwa upande wa Wandwandwe waliovunjwa na Shaka. Aliondoka na watu wake kuelekea kaskazini, akavuka Zambezi mwaka 1835, na alifariki Ufipa katika miaka ya 1840. Makundi yaliyogawanyika baada yake ndiyo yaliyofika Songea. Lakini njiani walimeza watu wengi kuliko wao wenyewe, na lugha ya wengi ikashinda. Kingoni cha Songea leo ni jamaa wa Kimatengo na lugha nyingine za Ruvuma, na hakina vidoko. Vyeo ndivyo vilivyobaki wazi: nkosi na nduna ni inkosi na induna. Utaanzia pale anapoanzia mtu yeyote wa Kiswahili.

Wanafunzi wanakariri mazungumzo, wanapata alama 80, halafu hawawezi kununua mkate. Mtihani wa mdomo uweje? (Mhadhiri, Durban)

Dakika 15, kwa kadi. Mwanafunzi aokote kadi mbili kati ya 30 palepale: moja inamwambia yeye ni nani na yuko mbele ya nani (gogo, yaani bibi, wa jirani, dereva wa teksi, muuguzi), nyingine inamwambia anataka nini. Mtahini awe na ruhusa ya kuharibu mpango mara moja: mkate umekwisha, gari haliendi huko. Hapo aliyekariri hunyamaza.

Alama 40: kumi za maamkizi na namna ya kumwita mtu, kumi za upatanisho, kumi za kuelewa alichoambiwa, kumi za matamshi. Kosa lilelile likijirudia, lihesabiwe mara moja. Wengi hukata alama saba kwa kosa moja la -ya- na kumwangusha mtu anayejua kuongea. Aliyemwambia gogo "Unjani wena?" kwa sauti ya kirafiki anapoteza alama zote za sehemu ya kwanza, hata kama sarufi imenyooka.

Kwa ufupi

*Mjomba alifanya kazi machimboni Johannesburg na anajua Fanagalo. Anifundishe?* Akusimulie habari za machimbo. Fanagalo imevua viambishi karibu vyote, na ilikuwa lugha ya kuamrishana. Ukiongea hivyo na mzee wa Kizulu atakusikia kama bosi wa zamani.

*Kwa nini naambiwa "isikoleni" ni kosa wakati kwetu ni shuleni?* Kwa sababu Kizulu hubadilisha mbele na nyuma kwa pamoja: isikole, esikoleni; indlu, endlini; umsebenzi, emsebenzini. Machache hubadilika mbele tu, kama ekhaya, nyumbani. Kwa mtu, tumia ku-: kumama, kuthisha.

*"Na" yangu inasahihishwa kila siku.* Irabu zinaungana. A na i ni e, a na u ni o: na + incwadi ni "nencwadi", na + ubaba ni "nobaba". Unalijua tayari, ndilo linalofanya ma + ino iwe meno.

*Herufi kubwa inakaa wapi?* Katika jina lenyewe, baada ya kiambishi: isiZulu, uThemba, eGoli. Ikianza sentensi, cha mwanzo nacho kinakuwa kikubwa: IsiZulu.

*Silioni neno "umfundi" kwenye kamusi.* Umetafuta kwenye U. Kamusi kubwa ya Doke na Vilakazi ya 1948 hupanga kwa shina, kwa hiyo vua kiambishi utafute -fundi kwenye F. Kamusi nyingine hupanga kwa herufi ya kwanza ya neno zima. Soma ukurasa wa maelezo kabla ya kununua, na ukiazima maktaba jaribu maneno matatu, "isihlalo", "amanzi" na "ukudla", ujue ni ya aina gani.